Nasra hasikii tangu augue homa ya uti wa mgongo: je, tusubiri seli shina?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama Nasra wa Mikanjuni, hapa hapa Tanga. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Miezi miwili iliyopita aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa, Mungu akamjaalia akapona. Lakini tangu turudi nyumbani hageuki akiitwa, hata mlango ukibamizwa. Tulipokwenda kuuliza tuliambiwa ni udhaifu wa ugonjwa, tusubiri. Shemeji yangu aliye Uarabuni ametutumia video ya kliniki ya nje inayotibu uziwi kwa seli shina, wanataka dola 18,000. Baba Nasra anataka kuuza shamba la minazi la Mwambani. Mama mkwe anasema tuvute subira, tiba hiyo itafika na huku kwetu. Tumsikilize nani?

Jibu: Marahaba mama Nasra, na poleni sana nyumba nzima. Homa hiyo huwachukua watoto wengi, kwa hiyo kwanza tumshukuru Mungu kwamba Nasra yupo.

Jibu fupi nalitanguliza kwa sababu kwenu siku zina thamani. Msiuze shamba kwa ajili ya kliniki ile, na wala msivute subira. Baba Nasra na mama mkwe wote wanasukumwa na mapenzi, ila njia zote mbili zinampotezea mtoto muda. Hakuna mahali popote duniani leo ambapo seli shina zimethibitishwa na kuidhinishwa kuwa tiba ya uziwi. Wakati huohuo, ndani ya sikio la Nasra huenda kuna jambo limeshaanza ambalo halingoji utafiti wa mtu yeyote. Nitalifikia. Nianze na ugonjwa wenyewe, maana ukishaelewa kilichoharibika utaweza kumpima kila anayekuja na ahadi.

Homa ya uti wa mgongo ikimpata mtoto, vijidudu haviishii kwenye ngozi zinazofunika ubongo. Maji yanayouzunguka ubongo yana kimfereji chembamba kinachoyaunganisha na maji ya sikio la ndani, na kwa njia hiyo uvimbe na sumu za vijidudu hushuka mpaka kwenye koklea. Koklea ndicho chombo chenyewe cha kusikia: mrija uliojiviringa mizunguko miwili na nusu, ukubwa wake wote ni wa punje ya mbaazi, na umezikwa katika mfupa mgumu kuliko yote mwilini. Ndani yake zimepangwa seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo kichwani, safu moja upande wa ndani na safu tatu upande wa nje. Sauti ikiingia, maji ya koklea hutikisika, vinyweleo huinama, vitundu vidogo mno hufunguka, potasiamu hujimimina ndani ya seli, na seli hupeleka habari kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Yote hayo hutimia kabla hujapepesa jicho. Kila seli ina sauti inayoihusu: zilizo mlangoni mwa koklea hupokea sauti nyembamba, zilizo kileleni hupokea sauti nzito.

Seli hizo ndizo mtu anazozaliwa nazo na ndizo anazozeeka nazo. Ikifa moja, haizaliwi nyingine. Mtoto wa uti wa mgongo, mzee aliyekaa miaka karibu na mashine ya korona ya kuchakata mkonge kiwandani, mvuvi aliyepigwa na mshindo wa baruti, mgonjwa aliyedungwa sana dawa ya gentamisini, wote mara nyingi wanaishia kwenye hasara hiyohiyo.

Hapo ndipo wazo la seli shina linapopata nguvu, na si wazo la kupuuzwa hata kidogo. Seli shina ni seli ambayo bado haijashika kazi maalumu. Inaweza kujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Uboho wa mifupa yetu umejaa seli za namna hiyo, zinatengeneza damu mpya kila siku ya Mungu, na ndiyo maana kupandikiza uboho ni tiba ya kweli inayofanyika hata hapa nchini. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikizia watoto wenye sikoseli. Mtu akikwambia seli shina zinatibu, hajasema uongo. Uongo unaanza pale anapoibeba sifa ya damu na kuivisha sikio. Damu ilikuwa na seli shina zake tangu mwanzo na hujijaza yenyewe. Koklea ya binadamu haina uwezo huo.

Kuku anao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliwapigia kuku kelele kali, na wengine wakawapa dawa zinazoua seli za masikio, kisha wakaona jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: baada ya wiki chache seli mpya zenye vinyweleo zilikuwa zimeota na ndege wakaanza kusikia tena. Seli za jirani zinazozishikilia zile zilizokufa ndizo zilizojigawa na kushika nafasi. Sisi tunazo seli hizo za jirani, ila zetu zimelala. Tangu wakati huo utafiti umekwenda kwa njia mbili, moja ya kuziamsha zilizolala na nyingine ya kuleta seli mpya kutoka nje.

Njia ya kuamsha imeleta matumaini na machungu. Mwaka 2013 watafiti wa Boston waliotumia dawa kwenye masikio ya panya viziwi walipata seli mpya na usikivu kidogo ukarudi. Kisha kampuni ya Marekani, Frequency Therapeutics, ikaichukua dhana inayofanana na hiyo mpaka kwa binadamu, ikiwadunga watu dawa iitwayo FX-322 nyuma ya kiwambo cha sikio. Majaribio ya awali yalishangiliwa sana. Mwaka 2023 matokeo ya jaribio kubwa yalipotoka, waliodungwa dawa hawakuwa na nafuu kuliko waliodungwa maji matupu, na kampuni ikaiacha. Naitaja habari hii makusudi. Watu wale walikuwa na fedha, maabara na wataalamu, wakapima kwa uaminifu, na jibu likawa hapana. Kliniki inayotangaza kwenye simu ya shemeji haijapimwa namna hiyo.

Njia ya kuleta seli kutoka nje imekwenda polepole lakini kwa heshima. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha mwaka 2006 kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa nyuma ikawa seli shina, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Huko Stanford, mwaka 2010, maabara ya Stefan Heller ilizilea seli shina za panya mpaka zikaota vinyweleo vinavyoitikia vikiguswa. Chuo Kikuu cha Indiana walifanikiwa kukuza vipande vya sikio la ndani ndani ya vyombo vya maabara, kwanza kwa seli za panya mwaka 2013, kisha kwa seli za binadamu mwaka 2017.

Kazi iliyonigusa kuliko zote ni ya Marcelo Rivolta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, mwaka 2012. Walichukua seli shina za kiinitete cha binadamu, wakazielekeza kuwa seli za sikio, wakawapandikizia panya wa jangwani 18 ambao mishipa yao ya fahamu ya kusikia ilikuwa imeharibiwa kwa dawa. Katika wiki 10, wastani wa nafuu ulifika asilimia 46. Wapo panya waliorudi kusikia vizuri, wapo waliobaki vilevile. Uangalie vizuri hapo, mama Nasra: kilichorekebishwa kwa panya wale ni mshipa wa fahamu, si seli zenye vinyweleo. Kampuni iliyotokana na maabara hiyo, Rinri Therapeutics, imepata ruhusa ya mamlaka ya dawa ya Uingereza kuanza kuwajaribu watu wazima wachache. Kutoka panya mpaka ruhusa hiyo zimepita zaidi ya miaka kumi, na bado ni jaribio.

Kwa nini panachelewa hivyo? Kwa sababu sikio ni mahali pagumu pa kuhamia. Maji yanayovizunguka vinyweleo yana potasiamu nyingi mno, na seli ngeni zikitumbukizwa humo nyingi hufa. Zikiishi, lazima zijipange kwenye safu, ziinamishe vinyweleo upande ulio sawa, na kila moja iungane na uzi wake wa mshipa wa fahamu kati ya nyuzi 30,000 hivi, maana zikikosea mtoto atapata makelele badala ya maneno. Halafu seli shina kazi yake ni kujigawa. Ikikataa kuacha kujigawa, umepanda uvimbe sentimita chache kutoka kwenye ubongo.

Sijui ni video gani shemeji aliyoiona, lakini ikiwa ni ya mtoto anageuka kwa mshangao akisikia sauti ya mama yake, inawezekana ni ya kweli na haihusiani na seli shina. Zipo za watoto wanaowashiwa kwa mara ya kwanza vipandikizi vya koklea, yaani vifaa vya kusikia vinavyopandikizwa ndani ya sikio. Zipo pia za tiba ya jeni, yaani ya kurekebisha chembe za urithi. Mwaka 2024 madaktari wa Shanghai, China, walitangaza kwamba kati ya watoto 6 waliozaliwa viziwi kwa kasoro ya jeni iitwayo OTOF, 5 walianza kusikia baada ya kupewa jeni nzima kwa sindano moja sikioni. Ni habari kubwa na ilinifurahisha kupita kiasi. Lakini watoto wale seli zao zilikuwa hai, zimekosa protini moja tu ya kupitisha habari. Nasra alizaliwa anasikia. Jeni zake hazina kosa, seli ndizo zilizouawa na ugonjwa, kwa hiyo tiba ile haimhusu.

Kuhusu kliniki yenyewe, kabla baba Nasra hajazungumza na mnunuzi, mwombe amwandikie shemeji maswali haya awapelekee. Seli hizo zinatoka wapi, kwa nani? Zinaingiaje kwenye koklea? Wakijibu kwamba wanatundika dripu mkononi, mjue seli za kwenye dripu hazina njia ya kufika ndani ya koklea zikapanga safu. Jaribio lao limesajiliwa wapi, na kwa nini mgonjwa analipia? Jaribio la kweli kwa kawaida halimtozi mtu dola 18,000, lenyewe ndilo linalomgharimia. Mwisho waombe chati za usikivu za watoto waliotibiwa, kabla na baada, zilizopimwa na hospitali isiyo yao.

Hasara si fedha peke yake. Mwaka 2017 jarida la tiba la Marekani liliripoti wanawake watatu wa Florida waliodungwa machoni seli shina zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao, macho yote mawili siku moja, na wote wakapata upofu au karibu ya upofu. Walikuwa wanaona kiasi walipoingia. Mwaka 2009 iliripotiwa habari ya mvulana aliyepelekwa Moscow kudungwa seli shina kwenye ubongo, na baadaye akakutwa na uvimbe uliotokana na seli hizohizo alizodungwa. Simpeleki mtoto wa mtu kwenye hatari ya namna hiyo.

Sasa nifike kwenye lile jambo lisilongoja. Baada ya homa ya uti wa mgongo, hasa iliyoletwa na kijidudu cha nimokokasi, koklea iliyoungua hujaribu kujitibu kwa kovu, na kovu lile hugeuka mfupa. Maji hukauka, mrija hujaa, njia hufungika. Inaweza kuanza wiki chache tu tangu ugonjwa, na kwa mtoto mmoja ikaenda taratibu, kwa mwingine mbio. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba tiba ya kweli iliyopo leo, kipandikizi cha koklea, hutegemea daktari kuupitisha uzi mwembamba wenye vituo vya umeme ndani ya mrija huohuo. Mrija ukiwa wazi, ni upasuaji wa kawaida kwa aliyefunzwa. Ukishakuwa mfupa, anatoboa kwa kubahatisha, uzi huingia nusu au hauingii kabisa. Kwa hiyo mtoto wa uti wa mgongo hana ruhusa ya kungoja ambayo wengine wanayo. Kukaa kusubiri seli shina kunaweza kumfungia mlango ambao leo uko wazi.

Ni kweli wapo watoto ambao usikivu hurudi kiasi wiki za mwanzo baada ya kupona, na pengine ndiyo maana mkaambiwa msubiri. Lakini kusubiri bila kupima ni kosa. Kila mtoto anayetoka wodini kwa ugonjwa huu alipaswa kupimwa usikivu ndani ya wiki nne. Nasra ana miezi miwili sasa tangu augue.

Mpelekeni hospitali ya Bombo kesho, muombe daktari wa masikio, pua na koo, na mtaje maneno haya bila woga: mtoto alipata homa ya uti wa mgongo, hasikii, tunaogopa koklea kugeuka mfupa, tunaomba barua ya rufaa ya haraka kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Chukueni karatasi zote za kulazwa, hasa jibu la maji ya uti wa mgongo kama yalitolewa. Kule atafanyiwa kipimo kiitwacho ABR. Hakimuumizi. Mtoto hulazwa amesinzia, vibandiko vinawekwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, spika ndogo sikioni inatoa midundo mifupi mfululizo, na kompyuta inachora mawimbi yanayotoka kwenye njia ya kusikia. Sikio zima huchora mawimbi matano. Tunalolisaka kwa macho ni lile la tano: tunashusha sauti hatua kwa hatua tukiangalia linapopotea. Mstari ukilala bapa hata sauti ikiwa juu kabisa, hapo tunajua. Kisha zitafuata picha za ndani ya kichwa: CT kuangalia mfupa, na MRI, ambayo huonyesha mapema zaidi kama maji ndani ya koklea yameanza kupungua, na kama mshipa wa fahamu upo salama.

Muhimbili wameanza kupandikiza koklea mwaka 2017, kabla ya hapo watoto walikuwa wakipelekwa India. Kipandikizi kina sehemu mbili. Ya nje hukaa juu ya sikio, hupokea sauti na kuigeuza umeme, na ya ndani huupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu, ikizipita seli zilizokufa. Hakirudishi sikio la asili. Mwanzoni sauti huwa ngeni kabisa, na mtoto huhitaji kurekebishiwa kifaa mara kwa mara na mazoezi ya lugha kwa miaka. Betri huisha, waya hukatika. Hayo ni ya kupangiwa fedha tangu mwanzo, na ni kweli ni fedha nyingi kwa familia. Ulizeni bima, na nendeni ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali kabla hamjakata tamaa. Ikilazimu minazi iguswe, basi iguswe kwa hili.

Najua baba Nasra atauliza: tukimwekea kipandikizi, si tutakuwa tumemharibia nafasi ya seli shina siku zikija? Ni swali zuri. Uzi ukiingia unaweza kuharibu mabaki ya seli zenye vinyweleo, kama yapo. Lakini katika jaribio lile la Uingereza nililolitaja, seli zinawekwa wakati wa upasuaji huohuo wa kipandikizi, lengo likiwa kuunenepesha mshipa wa fahamu ili kifaa kifanye kazi vizuri zaidi. Vitu hivyo viwili vinaelekea kwenda pamoja. Na mshipa wa fahamu unaopata kazi, pamoja na ubongo uliozoea sauti, ndio utakaofaidika na tiba yoyote ijayo. Ubongo wa mtoto uliokaa miaka bila sauti hupangia sehemu ile kazi nyingine.

Wakati mnahangaikia rufaa, nyumbani pana kazi ya leo. Nasra alikuwa ameshaanza kuongea, na mtoto wa umri huo akikosa kusikia hupoteza maneno yake ndani ya miezi michache. Mweke usawa wa uso wako, mwanga ukiwa usoni pako, mguse bega kabla ya kumwambia jambo, ongea naye kwa sauti yako ya kawaida. Mfundisheni ishara pia. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, watawaelekeza pa kujifunza Lugha ya Alama ya Tanzania. Wapo watakaokwambia ishara zitamfanya asiongee. Msiwasikilize. Mtoto anahitaji lugha sasa, na lugha anayoiona haimzuii kuipokea anayoisikia baadaye. Na ikitokea koklea imeshafungika, lugha ya alama ndiyo itakayompeleka shule na kumpa rafiki.

Angalia pia anavyotembea. Ugonjwa huu huharibu na sehemu ya sikio inayoshika mizani ya mwili, kwa hiyo anaweza kuyumba, hasa gizani. Usimwache aingie baharini peke yake hata kwenye maji ya magotini, kwa sababu akizama hatajua juu ni wapi.

Ikiwa kuna mdogo wake, au mnatarajia, hakikisheni chanjo ya PCV imekamilika wiki ya 6, 10 na 14. Ni bure kliniki, na inakinga aina nyingi za nimokokasi. Nasra mwenyewe atahitaji kukaguliwa kadi yake, maana anayewekewa kipandikizi lazima awe na kinga hiyo.

Ukipata karatasi ya ABR, ipige picha unitumie, hata kabla ya kuonana na daktari wa upasuaji. Na kama Bombo watakupa tarehe ya mbali, niandikie siku hiyohiyo.